Kwa Nini Mtoto wa Mbega Huzaliwa Mweupe

Siku ile walikuwapo hawa. Alikuwapo Mzee Shemndolwa, aliyepanga mawe ya mipaka. Alikuwapo Shekiango, mrina asali, mtu wa maneno machache na mikono yenye makovu. Alikuwapo bibi Mamtangi, mkunga, ambaye nusu ya kijiji ilianza kulia ikiwa mikononi mwake. Alikuwapo Mamhoza, mzazi wa siku saba, pamoja na binti yake ambaye kitovu kilikuwa bado hakijadondoka. Walikuwapo watu wa nyumba nyingine sita za Kwemkole, wake kwa waume, kila mmoja na tawi bichi mkononi. Na juu ya mti alikuwapo mbega mmoja wa kike, naye ana mtoto kifuani. Mhoza, mume wa Mamhoza, hakuwapo. Alikuwa ameteremka nyikani kutafuta chumvi.

Nimewataja wote kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao ambaye ukimwondoa, mambo yangekuwa yalivyo leo.

Zamani hizo mbega alikuwa mweusi tii, kuanzia uso hadi ncha ya mkia. Mtoto wake naye alizaliwa mweusi vilevile. Na mbega jike hakumpa mwenzake mtoto amshike, hata dada yake, hata mama yake mzazi. Alimbeba mchana, akalala naye usiku, akatafuta majani ya kula kwa mkono mmoja kwa sababu mkono wa pili ulikuwa na mtoto. Ukimtazama kwa makini ungeona amechoka. Lakini ndivyo walivyoishi, na hakuna aliyejua namna nyingine.

Watu wa Kwemkole nao waliishi hivyo na msitu wao. Hapo mwanzo msitu ulikuwa wa wote, lakini kwa maneno tu. Aliyetaka nguzo alikata, aliyetaka kuni alichukua, na hakuna aliyeuliza. Kisha asubuhi moja ulikutwa mvule mkubwa umeangushwa, umekatwa vipande, na nusu yake imeshaondoka. Kila nyumba ikaapa si yenyewe. Watu wakanuniana mwaka mzima. Wakati wa kupalilia maharage, majirani walipeana migongo.

Ndipo Mzee Shemndolwa aliposimama akasema, "Mtu hulinda chake. Tugawane, tupone." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kusikia watu wakitukanana kisimani. Akaugawa msitu wote, kuanzia mgongo wa mlima mpaka mtoni, vipande kumi, kila nyumba kipande chake, cha Mhoza kikiwa katikati, na kati ya kipande na kipande akapanga mawe kwa mikono yake mwenyewe. Ikawekwa sheria: usivuke mawe bila ruhusa ya mwenye kipande. Ukivuka, wewe ni mwizi.

Kwa miaka michache mambo yakawa mazuri kweli. Hakuna mti ulioangushwa kwa siri. Kila nyumba ilikitunza kipande chake kama mtu anavyotunza ua wa nyumba yake. Kiangazi kilipofika watu walifagia majani makavu chini ya miti yao ili moto usipate chakula. Na hapo ndipo walipokosea, bila mtu kuona kwamba ni kosa. Kila mmoja aliyasukuma majani yake mpaka kwenye mawe akayaacha pale. Jirani naye akayaleta ya kwake kutoka upande wa pili. Yakalundikana juu ya mawe hadi magotini, mwaka uliofuata hadi kiunoni. Kwangu ni safi, alisema huyu. Hata kwangu, alisema yule. Wote wawili walisema kweli.

Tena walikata matawi. Tawi lililovuka mpaka lilileta ugomvi, maana tunda likianguka ng'ambo ni la nani? Kwa hiyo kila mpaka ukawa na uwazi juu, mahali ambapo mti wa huku haukugusana tena na mti wa kule. Watu wakapita chini wakaona anga, wakasema ni pazuri, panaingia mwanga. Mbega waliona vingine. Walikuwa wakiruka pale kwa shida.

Mwaka ninaousimulia, mvua za vuli hazikuja. Mto ulipungua mpaka mawe ya chini yakaonekana. Nyasi zilikuwa zikivunjika ukizikanyaga.

Asubuhi ya siku hiyo Shekiango alikwenda kurina kwenye kipande chake. Aliwasha kienge cha nyasi, akawafukiza nyuki, akashusha masega matatu. Alikuwa mwangalifu sana. Alikagua chini ya mzinga, akazima kila cheche kwa mguu. Kienge chenyewe kilikuwa bado kinatoa moshi kidogo, naye hakutaka kukiacha chini ya miti yake. Akakitupa ng'ambo ya mawe, nje ya kwake. Akachukua asali yake akaenda nyumbani.

Ng'ambo ile palikuwa kwa Mhoza.

Jua lilipokuwa utosini, upepo ukapanda kutoka nyikani. Lundo la mpakani likaanza kutoa moshi mweupe, kisha likanguruma. Nasema likanguruma kwa sababu ndivyo waliokuwapo walivyosema. Waliusikia moto kabla ya kuuona.

Watu wakatoka mbio. Hakuna aliyekuwa mvivu siku ile. Walivunja matawi mabichi, wakapanda mlima wakihema, na kila mmoja akaenda moja kwa moja kusimama kwenye mpaka wake. Wakapanga mstari kuuzunguka moto, migongo yao ikielekea vipande vyao, nyuso zao zikielekea kwa Mhoza. Cheche ikiruka kwake, mtu anaipiga. Ikiangukia kwa Mhoza, anaitazama.

"Jamani, ingieni!" Bibi Mamtangi alikuwa anapiga kelele kutoka mpaka wa chini. "Moto unazimwa kwenye kitovu chake, hauzimwi pembeni!"

"Ingia wewe, bibi, tukuone," alijibu mtu mmoja. "Umri huo, utatoka umeiva."

"Nikiiva mtanila? Nyama yangu ngumu. Shemndolwa! Wewe ndiye mkubwa, sema neno!"

Mzee Shemndolwa alikuwa amesimama kwenye mawe yake, jasho likimtiririka. Uso wake ulikuwa umekunjamana. "Nitasema nini?" akauliza. "Mhoza hayupo. Nani atatoa ruhusa? Na nikitoka hapa nikaingia kwake, nani atasimama kwangu? Kutaungua kote kuwili."

Maneno yake yalikuwa na akili, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Kila aliyesikia alitikisa kichwa kukubali. Wakaendelea kusimama. Moto ukaendelea kula.

Shekiango alikuwa hatua ishirini kutoka hapo. Alikuwa ameshaona moto ulipoanzia. Alipiga cheche zilizoruka kwake kwa nguvu kuliko mtu yeyote.

Ndipo mtu akanyoosha kidole juu. Ndani ya kipande cha Mhoza, karibu na mpaka wa Mzee Shemndolwa, ulikuwa mti mrefu, na kwenye tawi la juu alikuwa yule mbega jike. Wenzake wote walikuwa wameshavuka zamani, mmoja mmoja, kwa kuruka ule uwazi wa mpakani. Yeye alikuwa amebaki. Alisogea mpaka mwisho wa tawi akapima, akarudi. Akasogea tena, akarudi. Uwazi ulikuwa mpana. Peke yake angeuruka. Akiwa na mtoto kifuani, mkono mmoja umemshikilia, asingefika. Angeanguka katikati, na katikati palikuwa na lundo linalowaka.

Ng'ambo, kwenye mti wa Mzee Shemndolwa, mbega jike mwingine alikuwa amening'inia kwa miguu, mikono yake miwili ameinyoosha. Ilikuwa kama anasema, nipe. Mama hakutoa. Hata kama angetaka kutoa, mtoto alikuwa mweusi ndani ya moshi mweusi, na yule wa ng'ambo angedaka nini? Alimkumbatia mwanawe kwa nguvu zaidi, akalia sauti ambayo wanawake waliokuwa pale hawakupenda kuisikia.

Sauti hiyo ilifika mpaka nyumbani kwa Mhoza.

Mzazi wa siku saba haruhusiwi kutoka nje. Hiyo nayo ilikuwa desturi, na ilikuwa desturi ya huruma, ili apumzike. Mamhoza alikuwa amelala na binti yake ubavuni, uji wake umepoa kwenye kibuyu. Alisikia kelele za watu na akanusa moshi, lakini kilichomwinua ni ile sauti. Alimfunga mtoto kwenye kitambaa chake cheupe, akashika ukuta, akashika mlango, kisha akakosa cha kushika, akatembea hivyohivyo. Mlima ule hata mtu mzima wa afya hupumzika mara mbili. Yeye alipumzika mara nyingi. Lakini alifika.

Alitokea kwenye mawe ya Mzee Shemndolwa.

"Mama, rudi ndani," mzee akamwambia. "Hapa si mahali pako. Utapata baridi mwilini."

"Baridi, baba? Hapa?" Mamhoza akauliza.

Akatazama kipande chao kinavyoungua. Akatazama juu, akamwona mbega. Akatazama mstari wa watu na matawi yao mabichi, ambayo majani yake yalikuwa hata hayajaungua.

"Nishikie mtoto," akasema.

Mzee Shemndolwa akarudi nyuma hatua moja. "Mimi? Hapana, mama. Mtoto wa siku saba mimi sijui kumshika. Hata wangu sikuwashika. Mpe bibi Mamtangi."

"Bibi yuko kule chini. Wewe uko hapa. Weka mkono wako chini ya shingo, hivyo. Usimbane."

Akamweka mtoto mikononi mwa mzee kabla hajamaliza kukataa. Ili ampokee, mzee ilimbidi aangushe tawi lake. Mamhoza akaliokota. Akasema kwa sauti ambayo haikuwa kubwa, lakini wote waliisikia, "Mhoza hayupo, lakini mimi nipo. Ruhusa nimeitoa. Sasa atakayebaki amesimama, asiseme alikosa ruhusa." Akavuka mawe akaingia kwenye moshi.

Hakuna aliyemfuata hapohapo. Ni kweli, na sina budi kusema. Walibaki wakimtazama, mwanamke mmoja anayepiga moto kwa tawi, anayumba, anapiga tena.

Kilichobadilisha mambo ni kikohozi. Upepo uligeuka, moshi ukamfunika Mzee Shemndolwa, na yule mtoto mikononi mwake akakohoa. Kikohozi kidogo, kama cha paka. Mzee akatazama mpaka wake. Cheche zilikuwa zikiruka. Akiondoka, kipande chake kitabaki wazi. Akimshika mtoto pale, mtoto atakosa hewa. Alisimama kwa muda wa pumzi mbili au tatu, na waliokuwa karibu walisema hawajawahi kuona mtu akipigana namna ile bila kusogea.

Kisha akageuka, akaacha mawe yake. Akavuka ya jirani wa kwanza bila kuomba, akamkabidhi mtoto kwa mtu wa hapo. "Mpeleke mtoni. Weka mkono chini ya shingo. Usimbane." Yule naye akavuka mawe yaliyofuata, akampa mwingine. Wakapokezana hivyo kushuka mlima, na kila aliyempokea alimwambia anayefuata maneno yaleyale, chini ya shingo, usimbane, hadi mtoto akafika kwa bibi Mamtangi. Kile kitambaa cheupe kilionekana njia nzima. Moshi ulikuwa mzito, watu hawakuonana nyuso, lakini kitambaa kilionekana kikitoka mkono hadi mkono, na hakikudondoka.

Watu waliomshika mtoto walikuwa wameshavuka mipaka, na mikono yao ilikuwa mitupu. Mzee Shemndolwa akawa wa kwanza. Alivunja tawi jipya, akaingia kwa Mhoza akiwa ameinamisha kichwa. Wengine wakamfuata. Shekiango aliingia kwa kukimbia, akapitiliza watu wote, akaenda kusimama mahali moto ulipokuwa mkali kuliko kwingine, karibu kabisa na mti wa mbega. Nywele za mikono yake ziliungua zote. Mamhoza alipopepesuka, mwanamke mmoja alimshika kiuno kwa mkono mmoja huku akipiga moto kwa mkono wa pili, na hakumwachia mpaka mwisho. Jina la mwanamke huyo halikuhifadhiwa. Ni mmojawapo wa wale wa nyumba sita.

Lakini mti ulikuwa umeshashika moto chini. Hakuna mtu aliyeweza kuupanda. Mamhoza alitazama juu, akapiga kelele, "Mtoe! Mtoe, mama! Watampokea!" Mbega haelewi maneno ya watu, au pengine siku hizo alielewa, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba naye alikuwa ametazama mlima mzima kutoka kule juu. Aliona mtoto wa mtu akitoka kwa mamaye, akipita mikono ambayo haikumzaa, na aliona kitambaa.

Kwenye matawi ya ule mti majivu yalikuwa yametua kama unga. Mbega aliyakusanya kwa kiganja. Akampaka mwanawe uso, akampaka mgongo, akampaka mikono na mkia, akarudia mpaka hapakuwa na sehemu nyeusi iliyobaki. Mtoto akawa mweupe kabisa. Mama akasogea mwisho wa tawi. Chini watu waliacha hata kupiga moto.

Akamnusa mara moja. Kisha akamtupa.

Ule weupe ukapita katikati ya moshi, juu ya lundo linalowaka, na kila mtu aliuona. Hata yule wa ng'ambo aliyekuwa amening'inia kwa miguu aliuona. Alidaka kwa mikono miwili. Mtoto akalia, na kilio hicho kilikuwa kizuri. Mbega yule hakukaa naye. Alimpa aliyekuwa nyuma yake, naye akampa mwingine, kutoka mti hadi mti, mpaka kwenye mti wa mwisho karibu na mto, ambako hewa ilikuwa safi. Mama, mikono yake ikiwa mitupu kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, akarudi nyuma kwenye tawi, akakimbia, akaruka. Akafika. Majivu aliyoyapitia yalikuwa yamemkaa mashavuni na mabegani, naye hakuyapangusa. Alikuwa na haraka ya kwenda kwa mwanawe.

Moto ulizimika jua likiwa limeshaelekea magharibi. Nusu ya kipande cha Mhoza iliungua. Vipande tisa vingine havikuungua, hata vile vilivyoachwa bila mtu, kwa sababu moto ulipigwa mahali ulipokuwa.

Watu waliteremka mtoni. Bibi Mamtangi alikuwa amekaa kwenye jiwe, miguu ndani ya maji, mtoto amelala kifuani pake. "Mmenichelewesha," akasema. "Huyu anataka kunyonya, na mimi nina nini cha kumpa hapa?" Watu wakacheka, kisha baadhi yao wakalia.

Wakati Mamhoza ananyonyesha, Shekiango alikuja akachuchumaa mbele yake. Alishindwa kumtazama usoni. "Mamhoza," akasema, "kienge kilikuwa changu. Nilikitupa kwenu ili kisiunguze kwangu."

Mtu mmoja alishika fimbo. Mamhoza alimtazama yule mrina asali, akatazama mikono yake iliyoungua, akamwambia, "Chovya mikono kwenye maji, shemeji. Malengelenge hayo yatakuuma." Baada ya hapo yule mwenye fimbo aliiweka chini.

Mzee Shemndolwa ndiye aliyesema la mwisho. Alisema, "Nilidhani mtu hulinda chake. Leo nimeshika kisicho changu, na sijawahi kulinda kitu namna ile." Asubuhi iliyofuata alipanda mlimani peke yake kuanza kuondoa mawe aliyoyapanga. Alipofika, alikuta watu wameshatangulia.

Na tangu siku hiyo msitu wa Kwemkole hauna vipande. Kiangazi kikianza, nyumba zote hupanda siku moja na kufagia pamoja kutoka mgongo wa mlima hadi mtoni, na majani hushushwa mashambani, hayaachwi kwenye mpaka wa mtu. Mrina asali haendi peke yake, huenda na mwenzake wa nyumba nyingine, na kienge hakiachwi mpaka wote wawili wamekishika kwa mkono mtupu na kukubali kwamba kimepoa. Anayetaka nguzo huomba mbele ya wote. Zamu ya kulinda huzunguka nyumba kwa nyumba, isipokuwa nyumba yenye mzazi, ambayo zamu yake hubebwa na majirani bila kuulizwa.

Na mbega huzaa mtoto mweupe kabisa, mweupe kama majivu, ili kila mmoja amwone. Mama yake humtoa siku ileile aliyozaliwa, mashangazi na mabibi humshika kwa zamu, naye mama hula majani kwa mikono miwili. Mtoto huanza kuwa mweusi akishapata miezi michache, lakini ule weupe wa mashavuni na mabegani humbakia maisha yake yote.

Mzee Shemndolwa aliishi miaka sita zaidi, akafa usingizini wakati wa kuvuna maharage.